Mzee Taisto Akusanya Sufu

Kwetu Kallniemi, ukimwuliza mtu iliko nyumba ya Taisto Lehtisaari, kabla hajakuelekeza atakuuliza, "Kwani mmegombania nini?" Hakuna aliyekwenda kwake kwa sababu nyingine. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye shingo nene na uso mwekundu majira yote. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kunyonya majitaka. Nyumba zote za pwani hii zisizofikiwa na bomba la mji alikwishasimama uani mwake na mpira wake mnene, na karibu zote aliziachia neno.

Na hasira zake hazikuwa zile za mkizi, za kuruka na kujitupa mtumbwini mwa mvuvi zikaisha. Zake zilikaa. Sylvi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa hasemi naye kwa ajili ya mti uliodondosha majani kwenye bati. Mchungaji Antero aliambiwa na Taisto, jeneza likiwa bado mbele yao, kwamba mahubiri marefu ni kumtesa maiti. Lakini ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuwa na mdogo wake wa damu, Kalervo, aliyeuza mashua ya baba yao bila kumwuliza. Walikaa mitaa miwili tu mmoja kutoka kwa mwingine, na wakikutana dukani mmoja alijitia kuchagua maziwa mpaka mwenzake apite.

Mimi dirisha langu linatazama lango lake. Mengi ya haya niliyaona kwa macho, na mengine niliyasikia bila kutega sikio, maana Taisto hakujua kusema kwa sauti ndogo.

Mwaka ule klabu yetu ya mashua iliandaa mashindano ya vijana, wale wa mashua ndogo za mtu mmoja, na wageni walitoka nchi nyingi. Vitanda vikapungua. Marjut, katibu wa klabu, akajikaza akaenda kumgongea Taisto, ambaye ghorofa yake ya juu ilikuwa tupu tangu binti yake ahamie Oulu.

"Mzee Taisto, kuna wasichana wawili wa Thailand hawana pa kulala."

"Na mimi nina uso wa hoteli?"

"Una vyumba."

"Wanakula nini?"

"Watoto hao, Mzee. Wanakula chakula."

"Haya, walete. Lakini mtu asije hapa kunishukuru."

Wakaja Jumatano mchana, kwa basi la kutoka Helsinki. Mmoja aliitwa Namtan, mrefu, mwenye macho makali. Wa pili, Bua, alikuwa mdogo wa umbo na mwepesi wa kucheka. Wote walikuwa na miaka kumi na minne. Lugha yao ya pamoja na mzee ilikuwa Kiingereza cha kuokoteza, na mikono. Walijaribu kumwita Mjomba Tai, wakaangua kicheko, maana kwao neno hilo kwa sauti fulani ni kufa. Wakaafikiana kumwita Mjomba Sto.

Taisto akabeba masanduku yao mawili, makubwa, magumu, ya magurudumu, akayapandisha ngazi nyembamba huku akigonga ukuta na kutukana. "Nani anakuja baharini na kabati? Mwana maji hubeba mfuko laini, ukiisha kutumika unaukunja unauweka chini ya godoro! Hili nitaliweka wapi, juu ya paa?"

Kisha akawaambia wafungue, watundike nguo za baharini kwenye chumba cha kukaushia. Wakafungua. Akatazama, akanyamaza. Wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa.

Ndani mlikuwa na makoti mawili ya sherehe, ya buluu, yenye vifungo vya dhahabu na nembo ya klabu yao kifuani. Mlikuwa na bendera, na boksi la tembo wa mbao, zawadi za wakubwa wa mashindano. Nguo za kuvaa majini zilikuwa fulana nyembamba za kuzuia jua, kaptura, na kandambili. Basi.

"Sufu iko wapi?"

Wasichana wakatazamana.

"Sufu! Nguo ya kondoo! Baa! Baa!" Akajivuta sweta lake, akalia kama kondoo. Bua akacheka mpaka akaketi. Taisto hakucheka. "Nani alifunga mizigo hii?"

"Khun Prasong," alisema Namtan. Khun kwao ni kama Bwana, na huyo alikuwa kiongozi wa msafara wao. "Alitupa orodha. Makoti lazima, tembo lazima. Uzito ukaisha. Akasema huku sasa ni kiangazi."

"Kiangazi!" Sauti ile niliisikia mimi nikiwa jikoni kwangu, madirisha yamefungwa.

Alishuka, akapanda gari lake la majitaka, maana ndilo lililokuwa mbele, akaenda nalo mpaka klabu. Pale bustanini wakubwa walikuwa wakinywa kahawa na wageni. Taisto aliegesha kando ya meza za keki.

Prasong alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mpole wa maneno. Alisimama, akaunganisha viganja, akainama. Taisto hakuwa na habari na kuinamiana.

"Wewe ndiye uliyewaleta watoto uchi?"

"Samahani, bwana?"

"Watoto wako hawana nguo! Wana makoti ya harusi na ndovu!"

Prasong alitabasamu. Wenzetu wale hutabasamu hata wanapobanwa, lakini Taisto aliona anachekwa. "Bwana, nimeangalia simu yangu. Leo ni nyuzi ishirini na nne."

"Hiyo ni hewa! Wanaanguka hewani au majini? Fulana ya pamba ikilowa inakunywa joto lako kama mbu! Mtoto anataka sufu mwilini, juu yake suti ya mpira, kichwani kofia, miguuni viatu vya mpira! Kandambili ni za kwendea sauna!"

Hapo akaingilia Ilpo, mwenyekiti wa klabu, ameshika kikombe. "Taisto, tafadhali. Usituaibishe mbele ya wageni. Na hilo gari lako linanuka."

"Linanuka mavi yako, Ilpo! Niliyanyonya kwako jana!"

Marjut alisema baadaye kwamba hakuna aliyegusa keki tena.

Ilpo akasema klabu haina nguo za kuazima, kila timu inajitegemea, kanuni ni kanuni. Prasong akasema, kwa upole ule ule, kwamba watoto wake ni wenye nguvu. Taisto akatazama huyu, akatazama yule, akatema mate nyasini, akaondoka. Njiani ndipo lilipomjia jambo lililomtia hasira kuliko yote: mji mzima ulijaa sufu mpaka darini, na watu wenye sufu hiyo wote alikuwa amekosana nao.

Alianza kwa Sylvi. Niliona kwa macho yangu akisimama mlangoni pake, mikono imekunjwa, kama mtu aliyeitwa polisi.

"Umekuja kuukata mti?" akauliza Sylvi.

"Mti ni wako! Nimekuja kuomba sufu."

"Kuomba nini?"

"Sufu! Sweta, soksi, suruali za ndani. Za watoto wanne, maana kuna wavulana wawili wa timu hiyo hiyo kwa mwalimu wa shule. Usinicheke."

"Sijacheka."

"Ulikuwa unakaribia."

Sylvi aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na furushi. "Hili la kijivu alifuma marehemu mama yangu. Lisifuliwe kwa maji moto, litarudi saizi ya paka. Na uwaambie wavae soksi nyembamba kwanza, nzito juu. Wakivaa moja tu zinachuna."

"Najua kuvaa soksi!"

"Karibu tena, Taisto," alisema Sylvi, akafunga mlango kwa nguvu.

Akaenda kwa Mchungaji Antero, ambako kulikuwa na maboksi ya nguo za mnada wa kanisa. Mchungaji alimpa boksi zima, lakini akamwambia lazima asikilize neno kidogo kwanza.

"Kidogo kiasi gani?"

"Umefanya vyema."

Taisto akangoja. "Ndiyo hilo tu?"

"Uliniambia yangu ni marefu."

Alitoka pale amenuna kuliko alivyoingia. Akapita kwa mwenye duka la rangi, kwa mjane wa fundi saa, kwa watu ambao aliwahi kuwaita wezi. Wengine walimpa na tusi juu, wengine walimwacha asimame barazani kwanza wamfaidi. Mjane alimpa vitambaa vyeusi vya kuziba macho, akasema, "Usiku wetu wa kiangazi hauna giza, hao watoto hawatalala, na asiyelala hushikwa na baridi upesi." Hilo Taisto hakuwa amelifikiria, na hakupenda kuambiwa.

Mwishowe ilibaki suti za mpira. Na suti za mpira za saizi ile, mji mzima, zilikuwa kwenye banda moja tu: kwa Kalervo, ambaye binti zake walishindana utotoni.

Kalervo alifungua mlango amejifunga taulo, ametoka sauna, mvuke unamtoka mabegani. Akamtazama kaka yake.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Bado. Suti za mpira za binti zako ziko wapi?"

"Za nini?"

"Jibu swali."

"Unakuja mlangoni kwangu baada ya miaka yote hii, unaniambia jibu swali?"

"Uliuza mashua ya baba!"

"Ilikuwa imeoza!"

"Ilihitaji mbao mbili!"

"Ilihitaji mashua nyingine nzima, wewe! Ulipanda mara ngapi? Nani aliyekuwa akiichota maji kila masika?"

"Ungeniuliza!"

"Ungekataa!"

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana watu huulizwa!"

Majirani walikwishatoka barazani. Kalervo akashusha pumzi. "Suti za nini, Taisto?"

Taisto akamweleza, kwa kelele, habari za makoti na tembo. Kadiri alivyoeleza, Kalervo naye alianza kuvimba. Undugu wao ulionekana hapo.

"Kwa fulana? Jumamosi? Upepo wa kusini-magharibi umekaa wiki nzima! Leo asubuhi nimetia mguu majini nikautoa kama si wangu. Maji ya juu yenye joto yamesukumwa nje, ya chini ya baridi yamepanda. Ilpo hajui? Amezaliwa wapi, jangwani?"

"Ndiyo ninayosema!"

"Basi usinipigie kelele mimi!"

Wakaenda bandani, mmoja na taulo, mwingine na buti. Suti zilikuwepo, nne, na moja ya akiba. Kifuani zilikuwa na tangazo kubwa la duka la samaki lililowafadhili wale binti: picha ya samaki wa kukaushwa kwa moshi, mweupe wa jicho, anatabasamu. Kalervo alizikung'uta vumbi moja moja.

"Usiziache juani, mpira utapasuka. Ukipasuka, nitakuja kukunyonya wewe kwa mpira wa gari lako mwenyewe."

"Jaribu."

Hawakupeana mkono.

Ijumaa watoto waliandamana kwa makoti yao ya buluu, jua likiwaka, tembo wakagawiwa, picha zikapigwa. Taisto alisimama pembeni hakupiga makofi. Jumamosi asubuhi akawavika mwenyewe chumbani: sufu, juu yake mpira, kofia, mfuko usioingia maji wenye nguo kavu na vipande vya mkate mweusi na jibini. Akawapeleka gatini, na wale wavulana wawili wakiwa vilevile. Wanne wakasimama mstari, samaki wanne wanatabasamu kifuani.

Prasong alipowaona, kwa mara ya kwanza tabasamu lilimpotea. "Hapana. Hapana, bwana. Kwa nguo hizi haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Hawa wana wafadhili wao. Hawawezi kupigwa picha na samaki."

Nimewahi kuona bahari ikichafuka, lakini si kama uso wa Taisto dakika ile. Alifungua kinywa, na kabla hajapata tusi la kutosha, Namtan akasogea mbele. Aliunganisha viganja, akainama chini sana mbele ya kiongozi wake, kwa heshima zote. Kisha akasimama wima, akampita, akasukuma mashua yake majini. Bua akafanya vivyo hivyo. Wavulana wakafuata. Kocha wao kijana, Wirat, alitazama mbingu kama mtu asiyeona lolote, akaingia kwenye boti ya kocha. Tayari alikuwa na sweta la Mchungaji ndani ya jaketi lake.

Prasong akaingia naye, na koti lake la buluu.

Mpaka saa sita mambo yalikuwa shwari. Halafu upepo ukazidi, mawimbi yakawa mafupi na makali kama yalivyo yetu, na mashua zikaanza kupinduka huku na kule. Taisto alikuwa mwisho wa gati akipiga kelele za maelekezo ambazo hakuna aliyeweza kuzisikia. Akageuka, akakuta Kalervo yuko kando yake, na darubini.

"Nipe hiyo."

"Nunua yako."

Waliona samaki mmoja akizama na kuibuka. Alikuwa Bua. Mashua yake iligeuka tumbo juu, akaipanda, ikainuka, ikageuka tena. Boti za uokoaji zilikuwa kwa wengine. Mara ya tatu hakuipanda, aliishikilia tu. "Mkono, mkono, shika kamba," Kalervo alikuwa akinong'ona, na Taisto alikuwa amemshika mkono wa sweta, akiuvuta bila kujua. Muda ulikuwa mrefu. Boti ilipomfikia, walimwona akipanda ngazi ya gati mwenyewe, kwa miguu yake.

Alipofikishwa gatini midomo ilikuwa ya zambarau, lakini alikuwa akicheka. "Mjomba Sto! Maji yenu yana hasira kama wewe!"

"Ingia sauna, mjinga mdogo wewe! Ingia!"

Aliyeshindwa kupanda ngazi alikuwa Prasong. Saa zile zote alikuwa amekaa kwenye boti ya kocha akipigwa na maji, koti la sherehe limelowa limemshika mwili, na chini yake shati la pamba. Meno yalikuwa yakigongana, hawezi kusema, vidole haviwezi kufungua kifungo. Wirat alikuwa amemfunika kwa jaketi lake, bila faida. Taisto na Kalervo walimnyanyua huku na huku kama gunia.

"Vifungo vya dhahabu!" Taisto alikuwa akiguna, akimvua kwenye chumba cha kukaushia cha klabu. "Dhahabu inapasha moto? Eh? Nyanyua mkono! Mkono mwingine!" Akamkausha kwa taulo kama mtoto, akamvika sweta la kijivu la mama yake Sylvi, lililokuwa kavu kwenye mfuko wa watoto, akamfunga blanketi. Kalervo akaleta maji ya sukari ya moto, akamshikia kikombe.

Prasong alipopata ulimi wake, alitazama sakafu. Tabasamu halikurudi.

"Bwana Taisto. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni baridi. Mimi si mjinga. Niliomba tununuliwe suti, nikakataliwa. Wafadhili walitaka makoti, picha, zawadi. Ningesema watoto hawana nguo, safari ingefutwa. Namtan amefanya mazoezi tangu ana miaka saba. Nikasema moyoni, labda upepo utakuwa mwema."

Taisto alisimama katikati ya chumba, ameshika lile koti linalotiririka maji, na nadhani hajawahi kukasirika vile maishani mwake, maana hakuona tena wa kumpiga.

"Ungeniambia!" alisema hatimaye. "Neno moja tu! Tunakuja, hatuna nguo. Tuna sufu hapa mpaka panya wamechoka kuila!"

"Kuomba kwa mwenyeji ambaye hujamwona, ni aibu."

"Aibu haigandishi mtu! Maji ndiyo yanayogandisha! Mimi nimepiga hodi kila nyumba ya mji huu, watu ninaowachukia, na wao wananichukia! Nimekwenda mpaka kwa huyu!" Akamwonyesha Kalervo kwa koti. "Unaona nimekufa?"

"Bado," alisema Kalervo.

Prasong akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaunganisha viganja, akainama, na mara hii Taisto, kwa ukali, akainama pia, vibaya, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Hawakushinda, wale watoto. Namtan alikuwa wa kumi na kitu, Bua karibu na mwisho. Jumatatu walipoondoka Taisto aligombana na dereva wa basi kuhusu namna ya kupanga mizigo. Baadaye ikagundulika kwamba sweta la kijivu limekwenda Thailand mwilini mwa Prasong. Sylvi akaja langoni na sauti iliyofika kwangu kwa raha, wakatupiana maneno mpaka kahawa yake ikapoa, na siku iliyofuata wakaendelea. Ni kweli kwamba sasa walikuwa wakisemezana.

Na Kalervo alianza kuja sauna kwa kaka yake Jumamosi. Nilikuwa nawasikia kupitia mbao: mashua, mbao mbili, kuoza, ungeniuliza. Lakini alikuja Jumamosi iliyofuata, na nyingine.

Ilpo yeye hakubadilika. Alimwandikia Taisto onyo kwa ajili ya gari na keki, na Taisto alilibandika ndani ya choo chake.

Halafu Februari, theluji imefika madirishani, simu ya Taisto ikalia. Alikuwa Prasong. Safari hii walikuwa wanakwenda Norwe, timu mpya, watoto sita, na alitaka kuuliza, bila kuzunguka, wabebe nini, na kama kuna kitu cha kuazima. Taisto alipiga kelele mwanzo hadi mwisho: Norwe! Mwezi wa tano! Una wazimu! Mifuko laini! Sufu, si pamba, nitakuja huko nichome pamba yenu yote! Akamaliza, akakata simu bila kuaga.

Kisha nikamwona dirishani anaitafuta miwani yake, anabonyeza namba, anangoja na kifua kinapanda na kushuka.

"Prasong? Soksi," alisema. "Nyembamba kwanza, nzito juu. Andika."